Sinema Mwanza: ya kisasa iko moli, ya zamani isome ukutani

Swali hili naulizwa kila mara, nimehamia Kirumba, nikitaka kuona muvi niende wapi, na zile sinema walizokuwa wanaenda wazee bado zipo? Kazi yangu ni kupima na kuchora majengo ya zamani ya mji huu, so ngoja nijibu.

Ya kisasa haina shida. Sinema za siku hizi zinafuata moli, na kwa hapa kwetu kaanze kuulizia Rock City Mall, barabara ya Makongoro, kutoka Kirumba ni bodaboda fupi tu. Piga simu kwanza, ratiba za mtandaoni zinachelewa kubadilishwa. Muvi yenyewe sasa ni faili, linakuja limefungwa kwa funguo ya kidijitali na siku zake zikiisha projekta haifungui.

Sasa za zamani, hapa ndo penyewe. Ramani ya simu haikusaidii sana maana jengo likishageuka stoo au kanisa jina linafutwa. Nenda mjini kati, tembea kwa miguu Liberty, Nkrumah, Rwagasore, kwa sababu majumba mengi ya sinema nchi hii yalijengwa na wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi na waliyajenga karibu na maduka yao. Tafuta ukuta mrefu usio na dirisha hata moja. Halafu ingia ndani uangalie chini, sakafu ya sinema inateremka kuelekea kwenye skrini ili wa nyuma nao waone.

Kuna duka moja la vyombo niliingia kununua sufuria nikaona shelfu zote miguu ya upande mmoja imewekewa vipande vya tofali. Nikamuuliza muuzaji, akaniambia, "Kaka, sakafu tumeikuta hivihivi, tukimwaga maji ya kudekia yote yanakimbilia kule mwisho." Nikageuka nyuma nikatazama juu karibu na dari, matundu manne ya mraba, mawili mawili, yamezibwa kwa saruji. Nilisimama pale na sufuria yangu mkononi nimefurahi kweli.

Kwa nini manne? Rili moja, yaani gurudumu la mkanda wa filamu, ya futi 2,000, kama mita 600, inaisha kwa dakika 20 hivi, kwa hiyo chumba cha mitambo kilikuwa na projekta mbili zinazopokezana, na kila moja ilihitaji tundu la mwanga kupita na tundu la fundi kuchungulia. Na kile chumba utakikuta kina kuta nene, maana mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950 filamu nyingi zilikuwa za nitrati, zinashika moto vibaya sana, ikiwaka imewaka.

Zilikufaje? Deki za video ziliingia miaka ya 80, na 1994 televisheni ikaanza huku bara, watu wakabaki nyumbani au wakahamia vibanda umiza. Na vibanda navyo vihesabu tafadhali, benchi za mbao, DJ anatafsiri muvi kwa Kiswahili, hiyo pia ni sinema ya mtaa na haiko kwenye ramani yoyote, utaipata kwa kufuata ubao wa chaki nje.

Ukienda mjini nenda asubuhi kabla wateja hawajajaa, amkia wazee wa pale nje kwanza, omba ruhusa ndo upige picha. Ukiona matundu yahesabu, nitumie picha na jina la mtaa, nije na tepu yangu.