Dawa ya Magugu Iliyolala Stoo: Ipi Itumike, Ipi Itengwe

Mvua ya masika ikishashika huku pwani ya Kenya, Mpeketoni, Hindi na kando ya Mto Sabaki, ndago na ukoka huchipua upesi kuliko mahindi. Hapo ndipo mkulima hukumbuka ile chupa ya dawa iliyobaki tangu vuli. Imelala juu ya boriti, chini ya mabati, kipindi chote cha kaskazi. Je, bado ni dawa?

Anza na lebo kabla ya kufungua kifuniko. Tafuta tarehe ya kutengenezwa, namba ya bechi na tarehe ya mwisho wa matumizi. Viuagugu vingi hupewa miaka 2 au zaidi kidogo, lakini muda huo huhesabiwa kwa chupa iliyofungwa na kuwekwa mahali pa baridi na pakavu. Stoo ya mabati yenye joto si mahali hapo. Dawa iliyopita tarehe haifai kuuzwa wala kuingia kwenye bomba la kupulizia. Ni kweli kwamba glaifosati, kiuagugu kinachonyonywa na jani hadi mizizini, ni ngumu na huweza kubaki na nguvu miaka kadhaa ikiwa imefungwa vizuri. Lakini kilichomo chupani si kiini tu, yaani kile kinachoua magugu. Ndani mna pia viungo vinavyoisaidia dawa kuchanganyika na maji na kushika jani, na hivyo vikiharibika, kiini kilichobaki hakikufai kitu.

Chupa isiyo na lebo itengwe siku hiyohiyo, hata kama unaapa unaijua. Vivyo hivyo dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Katika hili hatulegezi kamba. Parakwati, iliyouzwa miaka mingi kwa ajili ya kuchoma majani, haina dawa ya kuiondoa mwilini, na funda moja la ile isiyochanganywa na maji linatosha kumuua mtu mzima. Mtoto mwenye kiu hasomi rangi ya kimiminika. Jua pia kwamba orodha ya dawa zilizosajiliwa na PCPB, bodi inayosimamia viuatilifu nchini Kenya, hubadilika. Dawa iliyokuwa halali ulipoinunua huenda imeondolewa sokoni, kwa hiyo muulize afisa wa kilimo au mwenye duka la pembejeo aliyesajiliwa.

Iliyo ndani ya tarehe na yenye lebo ndiyo ya kukaguliwa. Tazama herufi mbili zilizo karibu na jina. SL ni dawa iliyoyeyuka kabisa, kama glaifosati nyingi na 2,4-D ya amini, dawa ya magugu ya majani mapana. Inatakiwa iwe angavu, bila mashapo. EC ni dawa ya mafuta ambayo ikiingia majini hugeuka nyeupe kama maziwa. Hii ndiyo huumizwa zaidi na joto, kwa sababu mafuta yake huvukia kila kifuniko kinapolegea, na kile kinachoyaunganisha na maji huchoka. SC ni unga laini ulioelea kwenye kimiminika, na atrazini nyingi, dawa ya magugu ya shamba la mahindi, ziko hivi. Kutuama chini si kosa, mradi ukiitikisa dakika mbili tatu unga urudi juu. Ukichomeka kijiti safi kikakutana na tope gumu kama udongo wa mfinyanzi, imeharibika. WP na WG ni unga na chenga, na adui yao ni unyevu wa pwani. Mabonge yanayopondeka kwa kidole cha glavu bado yana matumaini, lakini yaliyoganda kama sukari iliyolowa yataziba nozeli.

Kisha ijaribu kwenye chupa ya lita 1 inayoonyesha ndani. Kama kipimo chako ni mililita 300 kwa bomba la lita 20, basi lita 1 huchukua mililita 15. Tia maji nusu, tia dawa, jaza, funga, pindua chupa juu chini mara kumi, uiache nusu saa. Dawa ya EC iliyo nzima hubaki nyeupe sawasawa. Ukiona utando wa mafuta juu, madonge yanayoelea au mashapo yasiyokubali kurudi hata ukitikisa, hiyo imekwisha. Tumia maji yaleyale utakayopulizia, maana mara nyingi mkosaji si dawa.

Hili la maji lina uzito wake kwetu. Visima vingi vya Malindi na vya visiwa vya Lamu vimechimbwa kwenye miamba ya matumbawe, na maji yake yana chokaa nyingi. Utayajua kwa sabuni: haitoi povu, inaacha utando. Chokaa na magnesi hushikana na glaifosati, nayo ikishikwa hivyo jani haliinyonyi ipasavyo. Dawa ya 2,4-D ya amini nayo huweza kuganda chembechembe katika maji ya namna hiyo. Mkulima huona ndago zimekauka kidogo nchani halafu zinarudi, akasema dawa imezeeka. Dawa ilikuwa nzima, imefungwa na maji. Maji ya Sabaki wakati mto umefurika yana balaa jingine: yamejaa udongo, na glaifosati na parakwati zote hunasa kwenye chembe za udongo papo hapo. Ndiyo maana glaifosati ikigusa ardhi hupoteza nguvu. Ukiichanganya na maji ya tope, umeimwaga kabla hujaanza.

Maji bora kwa glaifosati ni ya mvua. Kwenye jabia au tangi, chota kwa ndoo safi isiyowahi kushika dawa, ukachanganyie mbali. Bomba lisisogezwe kabisa kwenye jabia ambalo watu wanakunywa. Kama huna ila maji ya chokaa, yeyusha kwanza gramu 200 hadi 400 za mbolea ya SA (salfeti ya amonia) katika lita 20, chuja kwa kitambaa kwa sababu mbolea ina mchanga, ndipo utie glaifosati. Ukitanguliza dawa, chokaa itaiwahi. Changanya kwenye chombo cha plastiki. Debe la bati na pipa la chuma havifai, kwani glaifosati ikikaa humo hula chuma na kutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hulipuka kwa cheche.

Dawa ikifaulu hapo, jaribu kipande cha mita 5 kwa 5 chenye magugu mabichi, yasiyosinyaa kwa kiu wala kujaa vumbi. Majani mapana yaliyopuliziwa 2,4-D hujikunja shingo ndani ya siku chache. Glaifosati huenda polepole: majani ya msimu mmoja hugeuka manjano ndani ya wiki, ndago na ukoka huhitaji wiki mbili au zaidi. Mvua ikinyesha kabla ya muda wa saa sita kupita tangu upulizie, jaribio hilo usilihesabu.

Jaribio likishindwa, watu wengi huongeza dozi, nasi tunaomba sana jambo hili liachwe. Huwezi kujua dawa imepungua nguvu kiasi gani, hivyo unabahatisha. Glaifosati iliyozidi huchoma jani haraka, na jani lililokufa halipeleki dawa mizizini, kwa hiyo ndago hubaki hai chini. Atrazini iliyozidi hukaa udongoni, na pojo au kunde utakazopanda baada ya mahindi zitaota na kukauka. Tena shamba la mahindi lililochanganywa na kunde halipigwi atrazini kwa kipimo chochote, kuukuu au mpya.

Kipimo chenyewe hutokana na mwendo wako. Weka maji matupu kwenye bomba, pulizia eneo la mita 10 kwa 10 kwa hatua zako za kawaida, kisha pima maji yaliyopungua. Ekari moja ina maeneo kama hayo 40 hivi. Yakipungua lita 2, ekari inakula lita 80, yaani mabomba manne ya lita 20. Lebo ikisema lita 3 kwa hekta, hiyo ni lita 1.2 kwa ekari, na kila bomba hupata mililita 300. Kifuniko cha chupa si kipimo, kwa kuwa vifuniko havilingani.

Kwa wakulima wa pamba wa Lamu tunaongeza tahadhari. Pamba haivumilii 2,4-D hata kidogo. Mabaki yaliyonata kwenye mpira wa bomba yanatosha kuyakunja majani yake yakawa membamba kama vidole, na nyanya na muhogo navyo huumia. Kuwa na bomba la magugu peke yake, ulipake rangi. Kama ni moja tu, lisuuze mara mbili, lijaze maji na mililita 200 za amonia ya nyumbani kwa lita 20, lilaze usiku kucha, pitisha maji hayo kwenye nozeli, kisha lisuuze tena mara mbili. Amonia isikutane na dawa ya klorini ya kufulia, kwani hutoka hewa ya sumu. Maji ya kusuuzia yanyunyizie kwenye shamba lilelile lililopuliziwa, na punda na mbuzi wasilishwe majani yake.

Uhifadhi hauhitaji gharama kubwa. Sanduku au kabati lenye kufuli, nje ya nyumba ya kulala, kwenye kivuli na upande usiopigwa na jua la alasiri, linatosha. Weka mbao chini ili chupa zisiguse sakafu, dawa za unga zikae rafu ya juu na vimiminika chini, ili chupa ikivuja isiloweshe unga. Mbegu, mbolea na chakula cha mifugo visikae humo. Mvuke wa 2,4-D ya esta huingia kwenye mbegu na mbolea, ukaja kugundua shambani. Weka ndoo ya mchanga mkavu kwa ajili ya kumwagika, na andika kwa kalamu isiyofutika siku uliyofungua kila chupa. Nunua ya msimu mmoja. Galoni kubwa ya bei nafuu ndiyo huzaa shida hii yote.

Iliyotengwa iachwe ndani ya chupa yake, uweke kila chupa ndani ya mfuko mzito au ndoo yenye mfuniko, uifungie hadi itakapopokelewa. Taka za aina hii hubebwa na wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, na huteketezwa kwenye tanuri lenye joto kali sana, si kwenye moto wa makuti. Ripoti kwa afisa wa kilimo wa kata yako. Usiimwage chooni, mkokoni wala shimoni. Mchanga wetu huchuja vibaya, na maji ya mji wa Lamu hutoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Chupa tupu hutiwa maji robo, hutikiswa nusu dakika, na maji humiminwa kwenye bomba wakati wa kuchanganya. Fanya hivyo mara tatu, kisha itoboe isije ikabebea maji ya kunywa.

Mtu akimwagikiwa, mvue nguo na umwoshe kwa sabuni na maji mengi. Jicho lisafishwe dakika 15 kwa maji yanayotiririka. Akimeza, usimtapishe, maana dawa ya mafuta huweza kuingia mapafuni, wala usimpe maziwa. Mpeleke mara moja hospitali ya King Fahd mjini Lamu, hospitali ya Malindi au kituo kilicho karibu zaidi, hata kama anasema hajambo, kwa sababu parakwati huchelewa kuonyesha makali yake. Nenda na chupa yenyewe, ikiwa na lebo yake, umpe daktari aisome.