San Francisco 1906: tetemeko au moto?
Wengi huamini kwamba San Francisco iliangushwa na tetemeko la Aprili 18, 1906. Si ajabu, maana maafa yenyewe huitwa hivyo. Mtikisiko ulikuwa mkali kweli, lakini moto uliofuata, uliowaka kwa siku tatu, ndio ulioteketeza sehemu kubwa ya mji. Mabomba ya maji yalikuwa yamepasuka ardhini. Wazima moto wakabaki na mipira mikavu.

Ukitaka kuhakikisha, tazama picha za asubuhi ile: ukuta wa mbele wa nyumba moja umeporomoka, za jirani bado ziko wima, watu wanatazama moshi ukipanda mbele yao. Kisha zitazame za siku chache baadaye, moto ulipokwisha kupita: sehemu kubwa ya mji ni magofu yaliyoungua. Hata vifo, ambavyo awali vilihesabiwa kuwa mia kadhaa tu, sasa hukadiriwa kufikia 3,000.