Sufuria ya stenlesi: geuza uone kitako

Kazi yangu ni kukata na kulehemu stenlesi: masinki, meza za jikoni, kofia za kuvutia moshi kwenye mahoteli ya Dar es Salaam. Ndiyo maana ndugu na majirani wakiwa dukani hunitumia picha: "Fundi, hii vipi, nichukue?" Picha imepigwa kwa juu, sufuria inang'aa, na mimi sina la kujibu. Mng'aro ni kazi ya mashine ya polishi. Hata bati la bei ya chini kabisa likipigwa polishi vizuri unaweza kulitumia kunyolea ndevu. Nataka picha ya kitako.

Stenlesi ni chuma kilichochanganywa na kromiamu isiyopungua asilimia 10.5. Kromiamu ikikutana na hewa hujenga ngozi nyembamba isiyoonekana kwa macho, na ngozi hiyo ndiyo inayozuia kutu. Ukiikwaruza kwa mwiko wa chuma inajirudisha yenyewe. Ndiyo maana mchuzi wa nyanya, ukwaju au ndimu unaweza kuchemka humo kwa saa nzima bila kubadilika ladha. Hapo stenlesi haina mpinzani.

Ila kusambaza moto haijui kabisa. Aluminiamu hupitisha joto zaidi ya mara kumi kuliko stenlesi, na shaba zaidi ya mara ishirini. Chukua sufuria ya stenlesi tupu, bati jembamba, uiweke kwenye gesi: joto linabaki palepale moto ulipogusa. Utaona duara la jiko limejichora kwenye ukoko wa wali, wakati punje za pembeni bado zina kiini. Watu husema stenlesi inaunguza chakula. Inayounguza ni stenlesi iliyoachwa peke yake, bila chuma cha kuisaidia kusambaza joto.

Msaidizi huyo mara nyingi ni aluminiamu, na hufungwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni sahani nene ya aluminiamu iliyobanwa chini ya sufuria, kisha ikafunikwa na bati jingine la stenlesi. Ukigeuza sufuria utaiona: kitako kimetokeza kidogo, kina ukingo wake. Kigonge kwa kidole kilichokunjwa. Kitako chenye sahani nene hutoa mlio mfupi, mzito. Bati tupu hulia na mlio unaendelea. Halafu simamisha ubavu wa rula juu yake. Kikiwa kimebinuka kwa nje, sufuria itayumba juu ya jiko na mafuta yatakimbilia pembeni. Kubonyea kidogo sana kuelekea ndani hakuna neno, maana chuma kikipata moto hutanuka.

Kwa maharage, supu, mchuzi na wali, kitako cha namna hii kinatosha. Kina kasoro moja: ukifungulia gesi mpaka moto ukapita pembeni ya sahani, unakwenda kuchoma ukuta mwembamba ulio juu yake. Ule mstari wa kahawia unaozunguka ndani ya sufuria, kidole kimoja kutoka chini, ndio huo. Ukiuona, punguza moto au hamia kwenye jiko dogo.

Njia ya pili ni kuifanya sufuria nzima kuwa na tabaka tatu, stenlesi ndani, aluminiamu katikati na stenlesi nje, toka kitako hadi mdomoni. Bei inapanda sana. Mimi ningelipa bei hiyo kwa kikaango na kisufuria cha rojo, kwa sababu humo chakula kinagusa ukuta na unakoroga kila wakati. Sufuria la pilau la wageni wa shughuli? Hapana, pesa hiyo ongezea nyama. Na usitishwe na maandishi ya "tabaka 5" au "tabaka 7". Idadi ya tabaka haikwambii unene. Uliza milimita: kuanzia 2.5 hadi 3 kwa jumla ni sufuria ya maana.

Sasa zile namba zinazogongwa kwenye sufuria kuonyesha aina ya stenlesi. 18/8 na 18/10 maana yake ni asilimia 18 ya kromiamu na asilimia 8 au 10 ya nikeli, na zote ni za aina ambayo sisi mafundi tunaiita 304. 18/0 haina nikeli. Halafu iko 201, ambayo sehemu kubwa ya nikeli imeondolewa ikawekwa manganizi, kwa sababu nikeli ni ghali. Muuzaji atakutolea sumaku akwambie, "Ona, haishiki, hii orijino." Sumaku haishiki 304, kweli, lakini haishiki 201 vilevile! Karakana tunatumia dawa ya matone na betri ya volti 9: unadondosha tone kwenye bati, unaligusisha na betri, na baada ya sekunde chache 201 inageuka nyekundu huku 304 ikibaki bila wekundu huo. Dukani hawatakuruhusu. Kwa hiyo tafuta namba iliyogongwa kwenye chuma chenyewe. Ya kwenye boksi siiamini. 201 si sumu. Ila kwa chumvi na hewa yetu ya pwani huanza vidoa vya kutu mapema, basi iache iwe bakuli na sinia.

Sumaku ina kazi yake ya haki kwenye jiko la induksheni, lile la umeme linalopasha sufuria kwa nguvu ya sumaku. Hapo lazima ishike kitako, tena ishike kwa nguvu, la sivyo jiko halitawaka.

Kwa wapikaji wa mkaa nina maneno machache. Mikono ya plastiki itayeyuka. Mfuniko wa kioo usiupalie makaa hata siku moja, utapasuka wali ukiwa ndani. Mikono iwe ya chuma, na kama imeshikizwa kwa nukta za kulehemu, zihesabu: sufuria ya lita kumi yenye nukta mbili kila upande siinunui, ribiti tatu, yaani misumari ya kubana, ni salama zaidi.

Sufuria za aluminiamu za kusubu kutokana na vyuma chakavu ndizo zinazonipa wasiwasi zaidi. Utafiti wa sufuria za Kamerun uliochapishwa mwaka 2014 uligundua kuwa risasi, yale madini yenye sumu, inaweza kutoka kwenye sufuria za aina hiyo na kuingia kwenye chakula. Kama bajeti ni ya sufuria moja tu ya stenlesi, iwe ya lita nne au tano yenye kitako kizito, na ndiyo ipikie vyote vyenye ndimu, nyanya na ukwaju.

Ukishainunua, chumvi tia maji yakiwa yamechemka. Ukiitia kwenye maji baridi inatua chini na kutoboatoboa kitako vidoti vidogo ambavyo havifutiki. Zile rangi za bluu na dhahabu zinazotokea baada ya moto mkali wala zisikusumbue. Siki kidogo kwenye kitambaa inaziondoa.