Retikulositi haina kiini, lakini bado inapokea amri

Wiki hii nimekuta tena, katika rasimu ya kazi ya mwisho ya mwanafunzi wa tiba hapa Bukavu, sentensi ambayo nimeisahihisha katika rasimu nyingi mno: kwamba ishara inayofika kwenye seli ya damu huishia kwenye kiini, ambako huwasha jeni. Mchoro wake ulikuwa ule ule wa siku zote: erithropoietini, homoni inayochochea utengenezaji wa seli nyekundu hasa oksijeni inapopungua, inashika kipokezi chake, kimeng'enya JAK2 kinaamka, STAT5, protini inayowasha jeni, inapata fosfati na kuingia kiinini, kisha mshale mmoja mnene unaelekea kwenye neno "protini". Njia hiyo ni ya kweli, na sisi tunaoishi karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari tuna sababu ya kuijali. Kosa liko katika mshale wa mwisho. Kati ya RNA mjumbe, yaani nakala ya jeni inayosomwa ili kutengeneza protini, na protini yenyewe kuna kundi kubwa la protini zinazoshika RNA, na kinasi, yaani vimeng'enya vinavyoweka fosfati kwenye protini, huzigusa moja kwa moja, nje ya kiini, bila kupitia jeni yoyote.

Anayetaka kuona jambo hili kwa macho na achukue damu ya mgonjwa ambaye uboho wake unajikakamua baada ya malaria au baada ya kupoteza damu, aichanganye na bluu ya kresili wakati seli zingali hai, kisha aitazame kwa lenzi ya mafuta. Katikati ya seli nyekundu zilizokomaa ataona nyingine zenye nyuzi na vitone vya bluu iliyokolea. Nyuzi hizo si uchafu wa rangi, kama wanavyodhani wanaoanza. Ni ribosomu, mitambo inayosoma RNA na kutengeneza protini, pamoja na RNA yenyewe, zilizogandishwa na rangi yenyewe. Seli hiyo ni retikulositi, yaani seli nyekundu changa. Iliacha kiini chake kule kwenye uboho, na kwa siku moja au mbili itakazozunguka kabla ya kukomaa itaendelea kutengeneza hemoglobini. Ishara inayoifikia katika siku hizo haina kiini cha kuishia.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa lipoksijenasi 15, kimeng'enya kinachoshambulia utando wa mitokondria, vinu vya nishati vya seli. RNA yake huandikwa mapema, wakati kiini kingalipo, lakini haisomwi. Protini mbili, hnRNP K na hnRNP E1, huikalia katika sehemu ya mwisho isiyosomwa na kuzuia kipande kikubwa cha ribosomu kisijiunge na kile kidogo. Baadaye kinasi c-Src huiwekea hnRNP K fosfati kwenye tirosini, mojawapo ya asidi amino zinazoijenga, nayo huiachia RNA, ikaanza kusomwa. Vitabu huishia hapo, na hapo ndipo ninapokosa subira, kwa sababu majaribio yaleyale yalionyesha pia kwamba hnRNP K yenyewe huishika c-Src na kuiamsha. Inayopokea amri inashiriki kuitoa, kwa hiyo mshale wa upande mmoja haufai hata kidogo. Nina shaka na dai moja linaloandamana na kisa hiki, kwamba lipoksijenasi hiyo ndiyo inayoondoa mitokondria seli inapokomaa. Panya wa maabara wasio na NIX, protini inayoelekeza mitokondria kwenye kuliwa na seli yenyewe, hubaki na mitokondria katika seli nyekundu na kupata upungufu wa damu, jambo linaloonyesha kwamba kazi kubwa hufanywa na seli kujila yenyewe ndani kwa ndani. Naamini lipoksijenasi husaidia. Siamini kwamba ndiyo bwana wa kazi.

Sasa nije kwenye linaloniudhi kuliko yote: imani kwamba fosfati maana yake ni kuwasha. Tuchukue tristetraprolini, yaani TTP, katika monositi na makrofaji, ambazo ni seli za kinga. Kazi yake ni kushika RNA zenye mfuatano AUUUA, kama ile ya TNF, protini inayochochea uvimbe, na kuita mtambo wa CCR4-NOT unaokata mkia wa adenini, RNA ikaharibiwa. Panya waliotengenezwa bila TTP, walioelezwa mwaka 1996, walikonda, wakapata uvimbe wa viungo na kuwa na seli nyingi mno za ukoo wa mieloidi, ule unaozaa monositi na makrofaji. Walipopewa kingamwili dhidi ya TNF tangu wakiwa wachanga, karibu dalili zote zilizuilika. Lipopolisakaridi ya bakteria inapomgusa makrofaji, kinasi p38 huamsha kinasi nyingine, MK2, nayo MK2 huweka fosfati kwenye asidi amino mbili za TTP aina ya serini, ambazo kwa panya ni ya 52 na ya 178. Protini 14-3-3 hushika hapo, mtambo wa kukata mkia hauitwi tena vizuri, na RNA ya TNF hudumu.

Lakini fosfati hiyohiyo huikinga TTP isiharibiwe. Matokeo yake ni kwamba saa TTP inapoonekana kwa wingi katika bloti, yaani picha ya protini zilizotenganishwa zikaonekana kama mikanda, mara nyingi ndiyo saa inapofanya kazi kidogo kuliko kawaida. Nimesoma rasimu zinazosema "TTP imeongezeka, kwa hiyo TNF itashuka", na kila mara moyo unaniuma, kwa sababu jibu liko palepale kwenye picha: mkanda wa TTP umepanda juu na kutawanyika kama moshi. Ukiitibu sampuli kwa fosfatasi, kimeng'enya kinachoondoa fosfati, mkanda hushuka na kukusanyika. Panya ambao serini hizo mbili zimebadilishwa kuwa alanini, isiyoweza kupokea fosfati, wana TTP kidogo, lakini ile kidogo inafanya kazi kwelikweli, na wakidungwa lipopolisakaridi hutoa TNF kidogo sana.

Deksamethasoni, dawa ya kutuliza uvimbe ambayo kila daktari wa hapa huiandika, hupita kwa sehemu kwenye njia hii: huongeza fosfatasi iitwayo DUSP1, DUSP1 huivua p38 fosfati zake, na TTP hurudi kazini. Ni kweli kwamba DUSP1 huanza kwa jeni kuwashwa kiinini. Sijasema kiini hakina kazi. Hata hivyo dawa zilizolenga p38 moja kwa moja katika baridi yabisi ya viungo zilikatisha tamaa: alama za uvimbe katika damu zilishuka, kisha zikapanda tena baada ya wiki chache. Mimi nashuku kwamba tulizima pamoja na moto zile breki ambazo p38 yenyewe huzijenga, lakini maelezo hayo yamekuja baada ya tukio, na siyafundishi kama jambo lililothibitishwa.

Kwa mwenye rasimu, kabla ya kuandika kwamba jeni ya TNF imewashwa, zuia uandishi wa RNA kwa aktinomisini D, pima RNA iliyobaki kila baada ya dakika 30, ukiwa na kizuizi cha p38 na bila hicho. Mistari miwili ya grafu ikishuka kwa mwendo tofauti, basi p38 inagusa udumu wa RNA yenyewe; futa ule mshale.