Øresund: Mlango wa Bahari Uliomlisha Mfalme

Katika kazi yangu ya historia ya forodha, hakuna maji ninayoyarejea mara nyingi kama Øresund, mlango wa bahari unaotenganisha Denmark na Sweden. Mahali pake pembamba zaidi, kati ya Helsingør upande wa Denmark na Helsingborg upande wa pili, ni takriban kilomita 4 tu, na kivuko huchukua kama dakika 20. Abiria aliyeagiza kahawa ya moto huenda akashuka hajaimaliza.

Wembamba huo ndio uliokuwa mali. Nafaka, mbao, katani na lami ya nchi za Bahari ya Baltiki iliyokwenda Amsterdam au London ilipita hapa, kwa sababu njia za Belt, yaani milango mingine ya bahari ya Denmark iliyo magharibi, zilimzungusha nahodha, na huko nako alidaiwa. Mnamo 1429 hivi, Mfalme Erik wa Pomerania, aliyetawala Denmark, alianza kutoza kila meli ya kigeni ushuru, na jambo hilo liliwezekana kwa urahisi kwa kuwa wakati huo Skåne, yaani pwani ya mashariki ambayo leo ni Sweden, ilikuwa ya Denmark pia. Aliyepita katikati alikuwa na mizinga ya mfalme mmoja kulia na kushoto.

Utaratibu wenyewe ndio unaonivutia kuliko vita vyote vilivyopiganwa hapo. Nahodha alitia nanga mbele ya Helsingør, akashuka kwa mashua hadi forodhani na hati zake, akataja shehena na thamani yake. Je, kitu gani kingemzuia kutaja thamani ya chini ili alipe kidogo? Mfalme alijiwekea haki ya kuinunua shehena kwa bei ileile aliyoitaja nahodha mwenyewe. Aliyepunguza mno alijiweka katika hatari ya kuuza ngano yake kwa hasara, na aliyezidisha alilipa ushuru wa bure. Sijaona kanuni ya forodha iliyo nyepesi kuandika na ngumu kuikwepa kama hiyo.

Makarani waliandika kila kitu: jina la nahodha, mji wake, mzigo na kiasi alicholipa. Daftari zao za tangu 1497 zimehifadhiwa Copenhagen, zikiwa na mapengo katika miaka ya mwanzo, na zina safari zinazokaribia milioni 1.8. Ukisoma ukurasa mmoja tu, utaona Waholanzi wakifuatana mstari kwa mstari, wakienda Baltiki na meli tupu au zenye chumvi, wakirudi na nafaka.

Kwa Mkataba wa Roskilde wa 1658, Denmark iliipoteza Skåne kwa Sweden, na mtu angetarajia ushuru ufe siku hiyohiyo. Haukufa. Sweden iliposhambulia tena mwaka huohuo na kutaka kuiteka Copenhagen, jeshi la majini la Uholanzi lilipenya katika mlango huo na kuuokoa mji, wala si kwa kuwapenda Wadenmark: wafanyabiashara wa Amsterdam waliona afadhali pwani mbili ziwe na wenyewe wawili kuliko kumwachia mmoja kufuli na ufunguo wake. Meli za Sweden zilisamehewa ushuru kwa miaka mingi, mpaka zilipopoteza msamaha huo mwaka 1720.

Shinikizo la mwisho lilitoka mbali. Katika miaka ya 1850 Marekani ilitangaza kwamba haitaendelea kulipa, ikishikilia kuwa njia inayounganisha bahari mbili si mali ya mtu. Denmark ilichagua kuuza haki yake badala ya kuipigania. Mkataba wa Copenhagen wa Machi 1857 uliufuta ushuru kwa malipo ya mara moja ya takriban rigsdaler (sarafu ya Denmark ya wakati huo) milioni 33.5, Uingereza na Urusi zikibeba sehemu kubwa zaidi, na Marekani ikafunga mkataba wake pembeni. Tangu hapo nahodha hana haja ya kutia nanga Helsingør. Anayelipa siku hizi ni mwenye gari, kwenye daraja lililofunguliwa Julai 2000 kati ya Copenhagen na Malmö.