Besi Haihitaji Nafasi ya Kukua: Dhana Potofu Kuhusu Amplifaya na Monita Jukwaani

Miongoni mwa maneno ambayo fundi mitambo wa muziki wa dansi husikia karibu kila anapofunga vyombo, hakuna yanayochosha kama haya: “Wimbi la besi ni refu, kwa hiyo linahitaji mita kadhaa kabla halijakamilika, ndiyo maana mpiga besi hajisikii akiwa karibu na amplifaya yake.” Husemwa na vijana walioshika gitaa juzi, na husemwa na wakongwe waliopiga tangu enzi za bendi za mashirika ya umma. Kwa kuwa yamevishwa joho la fizikia, hakuna anayeyahoji. Matokeo yake ni kwamba amplifaya husukumwa nyuma kabisa ya jukwaa, mpiga besi husimama mbali nayo, sauti hupandishwa, na maiki za waimbaji huokota besi kuliko zinavyowaokota waimbaji wenyewe.

Nusu ya kwanza ya dai hilo ni kweli. Uzi wa E wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, hutoa takribani hezi 41 (yaani mitikisiko 41 kwa sekunde), na wimbi lake hewani lina urefu wa takribani mita 8.3, uzi wa B katika besi ya nyuzi tano hushuka hadi hezi 31, na wimbi lake hufikia mita 11. Kosa huanzia pale urefu huo unapogeuzwa kuwa safari ambayo sauti lazima iimalize kabla ya kusikika. Sikio halipimi urefu wa wimbi, bali hupokea kupanda na kushuka kwa shinikizo la hewa mahali lilipo, na mzunguko mmoja wa hezi 41 hukamilika mahali hapo hapo katika milisekunde 24 hivi. Anayebisha avae hedifoni: kama besi ingehitaji mita nane ili ikue, koni iliyo sentimita chache kutoka sikioni isingetoa noti hata moja ya chini.

Hata hivyo, wapiga besi hawasemi uongo wanapodai kwamba mita tano mbele ya amplifaya husikika vizuri kuliko pale walipo. Wanachokosea ni sababu. Sauti za chini husambaa kila upande, lakini sauti za kati na za juu, yaani mguso wa kidole na mkwaruzo wa uzi ambavyo ndivyo humwezesha mtu kutambua ni noti gani inapigwa, husafiri kwa mwelekeo mwembamba. Spika ya inchi 15 huanza kuzibana sauti hizo kwenye mwelekeo wake kuanzia karibu hezi 1000. Boksi la spika likiwa sakafuni na mpiga besi akiwa amesimama hatua moja mbele yake, sehemu hiyo yenye maana hupita kwenye magoti, na magoti hayana masikio. Yeye husikia mvumo tu, huongeza sauti, kisha huongeza besi, ambayo ndiyo pekee isiyopungua pale alipo, na mpiga solo aliye mita tano mbele hupokea kila kitu usoni.

Sababu ya pili ni ukuta. Boksi likiwekwa mita moja kutoka ukuta imara, sauti inayogonga ukuta na kurudi husafiri mita mbili zaidi na kuikuta ile ya mbele ikiwa kinyume chake karibu na hezi 86, na mbili hizo hufutana. Hiyo ni karibu kabisa na noti ya F kwenye freti ya tatu ya uzi wa D, na mpiga besi huona noti hiyo “imekufa” na kulilaumu gitaa. Boksi likisogezwa hadi spika iwe sentimita 20 kutoka ukutani, mgongano huo hupanda hadi karibu hezi 430, juu ya noti karibu zote za besi. Nyuma kukiwa na turubai tu, ukuta haupo, kwa sababu besi hupenya turubai.

Kwa hiyo tiba ni kulileta boksi karibu na kulielekeza masikioni, na hapa nakiri kwamba nina upendeleo: kreti imara au stendi iliyoinamishwa nyuma ina faida kubwa kuliko pesa zinazotumika kununua wati. Kutoka wati 500 kwenda 1000 kwa spika zilezile huongeza desibeli 3 tu, ilhali kupunguza umbali kutoka mita nne hadi mbili huongeza hadi desibeli 6 mahali pa wazi, na hakugharimu kitu. Kreti hupunguza pia mtikisiko unaoingia kwenye majukwaa ya mbao yenye uwazi chini, ambayo yenyewe huwa ngoma ya ziada isiyoalikwa na mtu.

Zipo dhana nyingine za namna hiyo. “Amplifaya ipige kwa nguvu ili ukumbi wote usikie.” Kama kuna kisanduku cha DI, kinachopeleka sauti ya gitaa moja kwa moja kwenye mikisa (mtambo wa kuchanganyia sauti), ukumbi husikia spika kubwa za mbele, na amplifaya ni ya wanamuziki. Iwekwe karibu na dramu, upande wa haihati (matoazi mawili ya kugonganishwa kwa mguu), ili mpiga besi na mpiga dramu wasikilizane bila kupandisha sauti.

“Sijisikii, niongezee monita,” yaani spika inayomwelekea mwanamuziki ili ajisikie. Katika bendi zenye mpangilio wa Msondo au Sikinde, bendi kongwe za dansi za Tanzania, zenye magitaa kadhaa, tarumbeta, tumba na mstari wa waimbaji mbele, ombi hilo likikubaliwa kwa kila mmoja, baada ya nyimbo tatu hakuna anayejisikia. Muulize kwanza ni nini kiondolewe. Monita ya mwimbaji haihitaji besi wala dramu, na kwenye maiki yake zikatwe sauti zilizo chini ya takribani hezi 100.

“Maiki inalia kwa sababu ni mbovu.” Mara nyingi monita ndiyo imewekwa vibaya. Maiki ya Shure SM58 ni kiziwi zaidi nyuma yake moja kwa moja, hivyo monita iwe hapo. Maiki ya Beta 58A, ya kampuni hiyo hiyo, husikia kidogo nyuma, na uziwi wake uko takribani digrii 120 kila upande, kwa hiyo monita mbili za pembeni huifaa kuliko moja ya katikati. Mwimbaji anayekikumbatia kichwa cha maiki kwa kiganja huharibu mpangilio huo wote, na hakuna kitufe kwenye mikisa kinachomsaidia.

Pamba masikioni nayo si kinga: hukata sauti za juu na kuziacha za chini zipite, hivyo anayeivaa huomba aongezewe monita. Kwa kipimo cha taasisi ya NIOSH ya Marekani, desibeli 100 ni za kuvumiliwa dakika 15 tu kwa siku, na dansi huchukua saa kadhaa. Vinunuliwe vizibo vya wanamuziki, vinavyopunguza sauti zote kwa karibu kiwango kimoja.