Nani Ataitikia?

Bibi yangu hakuanza hadithi kabla hatujaitikia. Akisema "Hadithi, hadithi!" nasi tukajibu kivivu, alinyamaza, akaendelea kuchambua mchele wake. Alirudia mpaka sauti zetu zikae sawa: "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!" Hapo ndipo sungura alipotoka kichakani. Katikati ya hadithi, akimwona mmoja wetu anasinzia, hakumgombeza. Aliingiza wimbo, na aliyekuwa anakwenda zake usingizini akarudi.

Kazi yangu ni kuhariri video za mtandaoni hapa Bagamoyo. Wengi wanaoniletea hawana kituo cha televisheni wala kampuni nyuma yao: vijana waliosoma TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa mjini, vikundi vya ngoma, mama mmoja anayefundisha mapishi ya samaki wa kupaka. Swali lao la kwanza huwa kamera gani wanunue. Mimi huwaomba simu, nafungua takwimu za video yao ya mwisho, nawaonyesha mstari mmoja.

Mstari huo, ambao YouTube humpa kila mwenye chaneli, unaonyesha kwa kila sekunde ni asilimia ngapi ya watazamaji bado wapo. Unaanza juu, unashuka. Mahali fulani unaporomoka kama mtu aliyekanyaga ngazi iliyooza. Nauheshimu sana mstari huu, kwa sababu ndio uso wa msikilizaji. Bibi aliuona uso huo kwa mwanga wa kibatari. Sisi tunauona siku moja baadaye, hadithi ikiwa imekwisha simuliwa.

Niliuelewa vizuri kupitia video ya fundi mmoja wa majahazi, mzee anayefanya kazi ufukweni, si mbali na soko la samaki. Toleo la kwanza nililitengeneza kwa fahari. Lilianza na nembo inayozunguka, muziki, picha za droni juu ya bahari, kisha sauti nzito ikieleza kwamba Bagamoyo ni mji wa kihistoria. Sekunde 40 nzima. Zaidi ya nusu ya watazamaji waliondoka kabla tezo, shoka lake la kuchongea, haijagusa mbao.

Nilikwenda kumwonyesha mzee kwenye simu. Nilimwamkia, akaitika marahaba, akafuta mikono, akatazama kwa utulivu mpaka ile sauti nzito ilipoanza. Akanigeukia. "Mwanangu, mimi natokea wapi?"

Niliihariri upya yote. Safari hii inaanza na yeye akigonga ubao kwa kifundo cha kidole, sikio karibu, kisha anasema, "Huu umekufa ndani," na kuuweka kando. Sekunde sita. Bado hujajua jina lake wala chombo anachojenga, lakini tayari unataka kujua ubao mwingine atautoa wapi. Hilo ndilo "hadithi njoo" la mtandaoni: swali dogo ambalo mtazamaji hulijibu moyoni kwa kubaki. Na pale mstari wa zamani ulipokuwa ukiporomoka, katikati, niliweka mafundi wakikalafati, wakisukumiza pamba kwenye nafasi za mbao, nyundo zikipishana kwa mapigo, bila maneno yoyote. Ni wimbo wa bibi uleule.

Watu wa rika langu tulikuwa na mwalimu mwingine, na namtaja kwa heshima: Lufufu, aliyekuwa akitafsiri filamu za kigeni kwa Kiswahili kwa ajili ya watazamaji wa vibanda umiza, vile vibanda vya mtaani vya kuonyeshea video. Hakutafsiri neno kwa neno. Alieleza, alionya, alimpa mhusika tabia tunayoijua mtaani. Filamu ilitoka mbali, lakini msimulizi alikuwa anaongea na sisi. Kijana anayetaka kutengeneza video leo angejifunza mengi kwake kuliko kwenye mafunzo ya aina za lenzi.

Sasa upande wa mashine, maana nao unaibadilisha hadithi. YouTube ilianza mwaka 2005, na kwa miaka ya mwanzo video ilipanda kwa kuhesabiwa mara ngapi imefunguliwa. Ndiyo maana picha za jalada zilijaa uongo: ukishafungua, wamekwisha kuhesabu. Mwaka 2012 kipimo kikageuzwa, ukaanza kutazamwa muda ambao mtu amebaki. Mwaka 2018 likaja sharti la wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 ili upate mgawo wa matangazo. Piga hesabu: saa 4,000 ni dakika 240,000, yaani video ya dakika nane itazamwe mpaka mwisho mara 30,000. Kwa mtu anayesimulia habari za mji mdogo, kwa Kiswahili, huo ni mlima. Kisha video fupi za wima zikashika kasi, na saa za kutazamwa kwenye mtiririko wa Shorts, jina ambalo YouTube imezipa video hizo, hazimo katika hesabu hiyo. Zina kipimo chake na mgawo wake: asilimia 45 ya fungu la matangazo analotengewa mtengenezaji, wakati video ndefu hulipwa asilimia 55 ya mapato ya matangazo yake.

Hapa kwetu kuna la ziada. Mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni zilileta leseni, na ada zake kwa jumla zilifika shilingi milioni 2.1. Kanuni zimerekebishwa zaidi ya mara moja tangu hapo, kwa hiyo kabla hujaanza, soma zilizopo sasa kutoka TCRA wenyewe, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania. Lakini wapo waliokuwa wakirusha video kwa mapenzi tu, wakanyamaza wakati ule na hawajarudi. Sauti zao nazikumbuka.

Na mtazamaji wetu ananunua bando. Kila dakika unayompotezea kwa nembo inayozunguka ameilipia, na huenda ni bando la saa moja alilonunua ili aongee na mwanawe aliye mbali. Nikihariri namfikiria huyo.

Lipo jambo linaloniuma kuliko mstari wowote. Mtandao wa Blip, uliokuwa nyumba ya mifululizo mingi ya watengenezaji huru, ulifungwa Agosti 2015. Vine, ya video za sekunde sita, ilifuata Januari 2017. Aliyekuwa ameweka kazi yake huko tu, bila nakala, alikuwa hatarini kuipoteza. Mimi mwenyewe nimewahi kupoteza mwaka mzima wa picha za ngoma kwa sababu diski ilikuwa moja, na hewa ya chumvi ya hapa haichagui chuma cha kula. Sasa kila kazi ina diski mbili, ndani ya kopo la plastiki lenye kifuniko kinachobana, na moja kati ya hizo hulala kwa dada yangu Chalinze, mbali na bahari.

Katika diski hizo mzee yumo kwa saa nne. Video iliyopo mtandaoni ni ya dakika 11. Kipande kirefu nilichokiacha ni pale anapotembea kando ya chombo akitaja kila kiungo na kazi yake: mkuku, mataruma, jinsi ya kushika keekee, kifaa cha kutobolea, mbao isipasuke. Dakika 25, sauti moja, kamera moja iliyosimama. Nikikirusha, mstari utaanguka ndani ya dakika ya kwanza, najua.

Mwezi uliopita mjukuu wake alikuja ofisini na kadi ya kumbukumbu mkononi. Ameanza kujifunza kazi, na babu siku hizi hashuki ufukweni kila asubuhi. Hakutaka ile ya mtandaoni. "Kaka, ile ndefu bado unayo?" Nikamnakilia yote, akakaa palepale kwenye benchi akaanza kuitazama, huku akirudia majina kwa sauti ya chini.